Fleti ya zamani Tudor: pesa zetu ziliishia ukutani

Ukinunua fleti ya zamani hapa Mombasa, kila jamaa anayekuja kukupongeza atakuuliza habari za taili. Utaweka za kung'aa au zisizoteleza? Nyeupe au za rangi ya mchanga? Hakuna atakayekuuliza kama paipu zako ni za chuma au za plastiki, wala nyaya zako zina umri gani. Mimi nilikuwa nikiwajibu, "Tutaona, Mungu akipenda," na moyoni nishajua kwamba taili hazimo.

Tulinunua Tudor, gorofa ya pili, katika jengo la gorofa nne lisilo na lifti. Vyumba vitatu, sebule, jiko, choo, bafu, na roshani ndogo inayopata upepo wa hori. Jengo ni la miaka ya sabini. Mwenyewe alikuwa mzee anayehamia kwa wanawe, na bei ilikuwa nafuu kwa sababu fleti ilionekana imechoka: rangi imebambuka, dari ya bafu ina doa jeusi, mifereji inatoa maji mekundu kila ukiifungua asubuhi. Tulikuwa tumetenga laki sita za ukarabati, lakini zilianza kumegwa kabla hatujanunua msumari. Ushuru wa stempu kwa nyumba za mjini ni asilimia 4 ya thamani, kisha kuna wakili, kuna upekuzi wa hati, kuna madeni ya rates, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, ya kuhakikisha yamelipwa. Wengi huyakumbuka haya wakiwa wameshakaa mbele ya wakili, kalamu mkononi.

Tuko sita: mimi, mume wangu anayefanya kazi za kliaringi bandarini, watoto watatu, na mama mkwe ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Kwa watu sita na pesa kama zile, kazi kubwa ilikuwa kuamua tusiguse nini. Kitu unachobomoa gorofani unakilipia tena na tena: kukibomoa, kukiteremsha kwa magunia, kukipakia kwenye pikapu, halafu kupandisha kingine cha kujaza pengo lake. Vibarua hapa hupatana nawe kwa gorofa. Mfuko wa simiti ni kilo 50, na bei ya kuupandisha gorofa ya pili si ile ya kuushusha mlangoni. Nilipolielewa hilo, kila fundi aliyesema "hii tunavunja tu" alinitia shaka.

Kwanza nilimleta mwashi mmoja mzee kutoka Majengo, aliyejenga mji huu tangu ujana wake. Alipita chumba hadi chumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, kimya. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umetoa unga mweupe chini ya rangi iliyovimba. Aliukwangua kwa ukucha akautia ulimini.

"Chumvi," akasema. "Hapa dada usipake rangi mpaka ujue maji yatoka wapi."

Kuta za majengo mengi ya umri huu ni za mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana vitundu, hunywa maji na kuyapitisha. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi iliyomo hubaki, na inapoganda husukuma rangi na plasta nje. Ukiupaka ukuta kama huo rangi ya mafuta unaufungia unyevu ndani. Utapendeza mpaka masika, kisha utaanza kutoa malengelenge. Kwetu maji yalikuwa yanatoka kwenye paipu ya mvua iliyopasuka nje, nyuma ya mwembe, pahali ambapo hakuna mtu alikuwa amepatazama kwa miaka. Tuliibadilisha, tukabandua plasta iliyooza, tukauacha ukuta uchi katika jua la Januari na Februari, msimu wa kaskazi, kabla ya kuuvalisha tena. Rangi tuliyopaka ni ya maji, ya kawaida kabisa. Mtu aliyekuja kututembelea wakati huo angeona tumeanza kwa kuharibu.

Sasa sakafu. Sebule na vyumba vyote vina terazo, ile sakafu ya simiti iliyochanganywa na vipande vya marumaru na kugawanywa kwa vijiti vyembamba vya shaba. Ilikuwa imefubaa, ina madoa, na karibu na mlango wa jiko kuna ufa. Fundi wa taili aliangalia akasema atazibandika juu yake hivyo hivyo, hakuna haja ya kuvunja. Nikamuuliza milango itafungukaje.

"Itakatwa kidogo chini, mama."

Milango yenyewe ni ya mvule, mizito, bawaba bado zinashika. Taili pamoja na gundi yake huinua sakafu karibu sentimita mbili. Kwa hiyo tungekata milango mizuri, turekebishe vizingiti, na tuitwishe slabu ya miaka hamsini mzigo mpya, yote ili kufunika sakafu iliyo imara kuliko taili zenyewe. Tulikodi mashine ya kusugua na fundi wake. Huanza na jiwe la kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, maji yakimwagwa muda wote, na kinachotoka ni uji wa kijivu unaotambaa kila pembe. Huo uji tuliuzoa ndooni kwa kipande cha mpira. Ukiumwaga chooni utaganda ndani ya paipu na utakuwa umejinunulia kazi nyingine. Chini yake ikatoka rangi ya kijani kibichi na vipande vyeupe na vyekundu ambavyo hata mzee aliyetuuzia alisema alikuwa amevisahau. Mbele ya bafu hatukuing'arisha, kwa sababu terazo iliyong'arishwa ikilowa inateleza na mama mkwe si wa kuanguka.

Mama mkwe mwenyewe hakufurahi. Kwake nyumba isiyo na taili haijaisha, na alilisema hilo mbele ya wageni kwa miezi. Lakini saa saba mchana, joto likishika, yeye ndiye wa kwanza kutandika mkeka sebuleni na kulala kwenye ile sakafu ya baridi. Akiamka husema taili pia zingekuwa baridi. Mimi sijibu.

Madirisha nayo yalileta maneno. Yalikuwa ya luva, vioo vya kulala vinavyofunguka kwa mkono wa chuma, na karibu nusu ya vioo vimevunjika. Kila mtu alitwambia tuweke ya alumini ya kusukuma. Hayo yana sura, sikatai, na hayashiki kutu upesi. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu nyingine kioo kimesimama juu ya kioo. Luva hufunguka lote. Hapa kwetu upepo ndio kiyoyozi cha masikini, kaskazi miezi ile na kusi miezi hii, na mimi sikuwa tayari kulipa pesa ili nipunguze hewa ya watoto halafu nilipe tena bili ya feni. Tukanunua vioo vilivyopungua, tukapiga mikono ya chuma msasa na rangi ya kuzuia kutu, na mafundi wa jua kali wakatutengenezea fremu za wavu wa mbu za kutoa na kurudisha.

Pesa tulizookoa kwenye sakafu na madirisha zilikwenda kwenye vyuma. Nasema vyuma kwa sababu hapo ndipo pwani huyala majengo yake. Chini ya roshani zege lilikuwa limepasuka mstari mmoja mrefu, na kwenye dari ya bafu kipande kilishaanguka, chuma kinaonekana chekundu. Hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi huingia taratibu ndani ya zege mpaka ikifikie chuma, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana ukiona ufa unafuata mstari ulionyooka kwenye slabu, usidhani ni plasta imechoka.

Mafundi wawili walitaka kuziba kwa simiti na kupaka rangi, kazi ya nusu siku na bei nzuri. Tulimlipa mhandisi kwanza aje aangalie kama vyuma vimeliwa sana. Alivipima unene, akasema bado vinafaa, akatuandikia jinsi ya kufanya: zege bovu lote ligongwe litoke, mpaka nyuma ya chuma na si mbele tu, chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kipakwe dawa ya kuzuia kutu, kisha ndipo kizibwe kwa mchanganyiko maalumu wa kutengenezea zege, si simiti na mchanga wa kubahatisha. Na mchanga wowote tutakaotumia pale nyumbani uwe wa mto. Mchanga wa ufuoni usiooshwa unakuja na chumvi yake ndani ya mfuko. Kelele za kugonga zege zilifika mpaka barabarani. Kazi hiyo leo huioni. Imefunikwa na rangi nyeupe ya dari ya shilingi chache. Wageni wakienda bafuni wanarudi wakisifu pazia.

Lakini dari ya bafu hata ikitengenezwa vipi haina maana kama maji yanaendelea kushuka. Juu yetu anakaa bibi mmoja na wajukuu zake. Nilipanda, nikamwamkia shikamoo, nikakaa, tukazungumza habari za magoti na bei ya unga kabla sijataja bafu. Alisema kwake hakuvuji kitu, sakafu yake ni kavu siku zote. Na kweli ilikuwa kavu. Fundi wa mabomba akashauri tutumie bluu ya kufulia. Tukaziba tundu la maji la bafu lake kwa kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, tukamwaga maji yafunike sakafu, tukakoroga bluu, tukaweka alama ya penseli ukutani kuonyesha maji yamefika wapi. Saa ishirini na nne. Yeye na wajukuu wakahamia kuoga kwetu siku hiyo, na bafu letu lilikuwa halina hata mlango, tumetundika shuka.

Kesho yake alama ya penseli ilikuwa juu ya maji kwa upana wa kidole, na kwenye dari yetu, pembeni mwa paipu ya choo, kulikuwa na duara la samawati. Nilimwita bibi ashuke aone. Alisimama chini yake akalitazama muda, akasema, "Basi ni langu." Hatukugombana hata neno. Tuligawana: yeye alinunua dawa ya kuzuia maji ya kupaka chini ya sakafu, sisi tukalipa ufundi, kwa sababu kuirudisha sakafu yake vizuri ndiko kulikokuwa kunaokoa dari yetu. Kabla ya sakafu kurudishwa tulilaza maji tena, bila bluu. Bafu letu nalo tukalifanyia vivyo hivyo, tukimwalika mama wa gorofa ya kwanza aangalie dari yake.

Maji yenyewe ni hadithi nyingine. Ya mjini hutoka mbali, Baricho, chemchemi za Mzima kule Tsavo, Marere, Tiwi, na huja kwa zamu. Jengo lina kisima cha maji ya chumvi kinachopandishwa na pampu hadi tangi la juu. Mwenyewe wa zamani alikuwa akichanganya yote katika paipu moja ya chuma, ndiyo maana ya yale maji mekundu ya asubuhi: chumvi ilikuwa inakula paipu kutoka ndani, tundu la inchi nzima limebaki la kupitisha penseli. Tulizitoa zote. Tukaweka za plastiki, njia mbili tofauti: maji ya chumvi kwa choo, kupiga deki na kusafishia, maji matamu kwa jiko na mfereji mmoja wa bafuni. Gharama ya njia ya pili si kubwa ukiwa tayari umeshapasua ukuta. Ukiifikiria baadaye ndiyo kubwa. Kisha tukaweka tangi dogo la maji matamu kwenye roshani, baada ya kumuuliza mhandisi yule yule roshani itabeba kiasi gani, kwa sababu lita moja ni kilo moja na watu husahau. Siku maji ya mjini yasipokuja tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni kama kila mtu, lakini ni ya kupikia na kunywa tu.

Shawa ya maji moto hatukuweka. Mombasa, joto lote hili! Mama mkwe hutaka maji ya vuguvugu mwezi wa Julai, na birika linatosha. Isitoshe shawa hizo zikipewa maji ya chumvi hazidumu isipokuwa ununue aina yake maalumu, na zinataka waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi.

Stima ndiyo sehemu ambayo sikutaka kusikia neno nafuu. Nyaya za zamani zilikuwa mbili mbili, hakuna waya wa ardhi hata kwenye soketi ya friji, na ganda lake ukilikunja linakatika. Hapa stima ni volti 240, na nyumba ya pwani ina kuta zenye unyevu na watoto wenye miguu mitupu. Tulitafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya stima na mafuta, na tukaomba kuiona, hakuchukia. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, mnene zaidi kwa jiko, waya wa ardhi kila mahali, na swichi ya kukata yenyewe stima ikivuja. Nilipiga picha kila ukuta kabla haujazibwa, na futi ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni. Picha hizo ziko kwenye simu yangu na ya mume wangu, na zimeshatuokoa tulipotoboa ukuta kutundika rafu.

Jikoni tulipita haraka. Kabati za emdiefu (MDF), zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, zinavimba na unyevu wa hapa, nimeziona kwa shemeji zikifura kama mandazi baada ya masika mawili. Tulimwaga slabu nyembamba juu ya vijikuta vya matofali, tukaweka taili juu yake, ndiyo, taili, pale mahali pake, na chini tukatundika pazia la kitambaa nilichonunua Biashara Street. Milango ya mbao itakuja ikija.

Kuhusu mafundi nitasema machache. Vifaa tulinunua wenyewe, ufundi tukalipa kwa kazi iliyoisha, kwa M-Pesa, na kila malipo tukimwandikia fundi ujumbe wa kazi gani imelipwa. Jirani yetu alitoa karibu pesa zote mwanzo na akabaki na bafu lisilo na sakafu. Hilo lilitosha kutufunza. Ratiba nayo uipange na mji. Ijumaa saa sita kazi husimama watu waende msikitini, na mtu anayegonga nyundo wakati wa adhana ataletewa ujumbe mlangoni hata kama jengo lina wapangaji wa dini zote. Mwezi wa Ramadhani tulifanya rangi tu na kazi zisizo na kelele, asubuhi.

Pesa ziliisha kabla ya kazi, na hilo tulikuwa tumelitarajia. Chumba cha watoto bado kina rangi ya mwenyewe wa zamani, ya manjano, nao wameizoea. Kilichobaki kikubwa hakimo ndani ya fleti yetu. Paa la jengo lina lami iliyopasuka na tangi la wote linakaa juu yake. Kwa sheria ya fleti ya mwaka 2020, paa, ngazi, kuta za nje na paipu kuu ni mali ya wenye fleti wote kwa pamoja, na gharama zake huchangwa. Tumeshafanya kikao kwenye ngazi, kila mtu amekaa kidato chake. Bibi wa juu ametoa sehemu yake ya kwanza, sisi tumetoa, na bwana wa chini kabisa bado anasema paa haliko juu yake. Nimemwahidi kumpelekea nakala ya sheria. Mume wangu anasema nimpelekee na ndoo ya bluu.